Wastani wa Taifa Haumjui Jirani Yako

Leo tuzungumzie jambo zito kidogo, lakini linatuhusu sote, tulio huku na walio nyumbani. Ni habari ya saratani, na hasa namna watu walivyojifunza kuhesabu wanaokufa kwa ugonjwa huo.

Kila Januari magazeti ya Marekani hutangaza kwamba vifo vya saratani vinapungua. Ni kweli. Mwaka 1991 ndio uliokuwa kilele. Watu wapatao 215 katika kila 100,000 walikufa kwa saratani mwaka huo. Kufikia 2021 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka kwa takribani theluthi moja. Sababu kubwa ni kwamba watu wengi waliacha sigara. Nyingine ni kupimwa mapema na dawa bora kuliko zile za zamani.

Habari njema, basi. Lakini wastani wa mvua ya nchi nzima haumwambii mkulima wa Dodoma kama atavuna. Ndivyo ilivyo hata hapa. Jimbo la Kentucky watu hufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya mara mbili ya wale wa Utah. Nchi moja, bendera moja, serikali kuu moja. Anayesoma wastani wa taifa peke yake hawezi kuliona hilo. Swali ni hili: Wamarekani walianzaje kuliona?

Tuanze na karatasi. Bila cheti cha kifo hakuna hesabu. Serikali ya Marekani ilianza kukusanya taarifa za vifo kila mwaka mnamo 1900, kutoka majimbo machache tu na baadhi ya miji. Ilichukua hadi 1933 majimbo yote ya wakati ule kuingia katika mpango huo. Kwa hiyo hata taifa hili tajiri halikuwa na hesabu kamili ya wafu wake mpaka mwaka huo. Kila cheti kiliandikwa mambo matatu muhimu: marehemu alikuwa na umri gani, aliishi wapi, na aliuawa na nini.

Kisha kuna suala la umri, ambalo huwachanganya wengi. Saratani huwapata wazee zaidi. Florida imejaa wastaafu, na Utah ina watoto wengi. Ukigawa tu idadi ya vifo kwa idadi ya wakazi, Florida itaonekana kama jimbo la balaa hata kama hakuna kibaya chochote kule. Ndiyo maana wataalamu husawazisha umri kwanza. Hujiuliza: je, kama sehemu hizi mbili zingekuwa na mchanganyiko uleule wa wazee na vijana, vifo vingekuwa vingapi? Hapo ndipo ulinganisho unapokuwa wa haki. Ukiona mtu anakuambia mji fulani unaongoza kwa saratani, muulize kwanza kama amesawazisha umri.

Sasa tufike penye utamu wa hadithi. Mwaka 1975 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilichapisha kitabu cha ramani. Watafiti, akiwemo Thomas Mason na Joseph Fraumeni, walichukua vyeti vya vifo vya miaka 20, kuanzia 1950 hadi 1969, wakavipanga kaunti kwa kaunti. Kaunti, kwa asiyejua, ni kama wilaya kwetu, na Marekani ina zaidi ya 3,000. Kila moja ililinganishwa na kiwango cha taifa kisha ikapakwa rangi: hapa juu ya taifa, hapa sawa, hapa chini.

Ramani zile ziliwashangaza watu. Za saratani ya mapafu zilionyesha rangi nzito kwenye pwani ya kusini mashariki, ikiwemo pwani ya Georgia. Kwa nini pwani? Ni rahisi kudhani jibu lipo wazi. Kuna viwanda vya karatasi kule, na moshi wake una harufu kali ambayo kila mpita njia huisikia. Watafiti hawakuridhika na kudhani. Walikwenda kuwatafuta wagonjwa na ndugu za marehemu, wakawauliza historia ya kazi zao zote, kisha wakawalinganisha na watu wa palepale ambao hawakuwa na saratani hiyo.

Jibu lilitoka mwaka 1978, nalo lilikuwa la vita. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pwani ile ilikuwa na viwanda vya kuunda meli. Mjini Savannah peke yake ziliundwa meli 88 za mizigo zilizoitwa Liberty. Maelfu ya watu walifika kutafuta ajira, wengi wao wakitoka mashambani. Mabomba na matangi ya mvuke ndani ya meli yalifungwa asbesto ili kuzuia joto, na vumbi lake likajaa kwenye vyumba vile finyu. Waliofanya kazi pale walikuwa na hatari ya saratani ya mapafu mara 1.6 ya wenzao, hata baada ya kuzingatia uvutaji wa sigara. Wengi walifanya kazi miaka michache tu. Vita vikaisha, viwanda vikafungwa, watu wakarudi kwenye maisha yao. Vumbi likabaki kifuani.

Hebu fikiria. Mtu alichomelea meli mwaka 1943 na akafa miaka ya sitini. Daktari wake aliona mgonjwa mmoja, familia ikamzika baba mmoja. Hakuna kati yao aliyeweza kujua kwamba ni sehemu ya msiba mkubwa zaidi. Mpaka vyeti vyao vilipowekwa pamoja juu ya ramani.

Hadithi ya pili inatugusa karibu zaidi. Ramani zilionyesha pia kwamba wanawake wa maeneo ya kusini mashariki, North Carolina ikiwemo, wanakufa kwa saratani ya kinywa kupita kiwango cha taifa. Si wanaume, wanawake! Sehemu ile ilikuwa na viwanda vingi vya nguo, na ungeweza kuvishuku. Lakini mwaka 1981 mtafiti Deborah Winn na wenzake walitoa jibu: ugoro. Wanawake wengi wa vijijini walikuwa wakiweka ugoro kati ya shavu na ufizi tangu ujanani. Ulikuwa ni mtindo wa bibi na mama, jambo la kawaida nyumbani. Miongoni mwa wanawake weupe wasiovuta sigara, wanaotumia ugoro walikuwa na hatari ya saratani ya kinywa na koo mara nne ya wasioutumia. Kwa waliotumia miaka mingi, saratani ya ufizi na ya ndani ya shavu ilikaribia mara hamsini.

Nadhani wengi wetu tuna bibi au babu mwenye kikopo cha ugoro. Sitaongeza neno hapo.

Lakini kulinganisha kiwango cha leo hakutoshi. Lazima utazame pia mwelekeo: je, vifo vinapanda, vimesimama, au vinashuka, na kwa kasi gani ukilinganisha na taifa? Mfano mzuri ni Chicago. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, wanawake weusi na weupe wa mji ule walikufa kwa saratani ya matiti kwa kiwango kinachokaribiana. Halafu vipimo na matibabu vikaboreka. Vifo vya wanawake weupe vikashuka. Vya wanawake weusi havikushuka hivyo. Kufikia 2003 pengo lilikuwa kubwa, kubwa kuliko la taifa zima na kuliko la mji wa New York.

Hapo ndipo ulinganisho ulipofanya kazi yake. Kama tatizo lingekuwa ni damu au maumbile ya watu weusi, kama wengine walivyopenda kusema, kwa nini New York pengo liwe dogo? Madaktari na wanaharakati wa Chicago waliunda kikosi kazi, wakachunguza hospitali na vituo vya kupima matiti. Walikuta mitaa ya kusini na magharibi mwa mji ina vituo vichache, mashine na wasomaji wa picha wasio na kiwango kimoja, na wanawake wanaopotea njiani kati ya kupimwa na kutibiwa. Mambo haya yanaweza kurekebishwa. Yakaanza kurekebishwa, na pengo likaanza kupungua. Laiti wangetazama wastani wa Marekani tu, wangepongezana na kwenda kulala.

Naomba hapa nitoe tahadhari, maana takwimu ni kama kisu cha jikoni. Chukua kaunti ndogo yenye watu 2,000. Kama kiwango cha taifa ni vifo 200 kwa kila 100,000, kaunti hiyo ingetarajiwa kuwa na vifo 4 kwa mwaka. Mwaka huu wakifa 7, gazeti litaandika kwamba saratani imekaribia mara mbili ya taifa. Mwakani wakifa 2, litaandika kwamba muujiza umetokea. Hakuna muujiza wala balaa, ni bahati tu. Wanatakwimu wameshaonyesha jambo la kuchekesha kwenye ramani za saratani ya figo za Marekani: kaunti zenye viwango vya chini kabisa nyingi ni ndogo za vijijini, na zenye viwango vya juu kabisa nazo ni ndogo za vijijini! Ndiyo maana watafiti makini hujumlisha miaka kadhaa, na vifo vikiwa vichache mno hawatoi kiwango kabisa. Ramani inakupa swali. Jibu lazima ukalitafute kwa miguu.

Sasa sisi je?

Kwetu Afrika Mashariki yupo mtu aliyechora ramani bila vyeti. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alikuwa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alianza kuona watoto wenye uvimbe wa ajabu kwenye taya. Hakuwa na orodha ya vifo ya kutazama, basi akatuma maswali kwa barua kwenye hospitali za Afrika. Mwishoni mwa 1961, miezi ileile Tanganyika ilipokuwa inapata uhuru, yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakasafiri kilomita zipatazo 16,000 mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Walikuta ugonjwa upo kwenye joto na mvua nyingi. Karibu na ikweta ulitoweka ukipanda juu ya mita 1,500 hivi. Ramani yake ilifanana na ya malaria. Mwaka 1964, kutokana na uvimbe wa aina hiyo uliopelekwa London kutoka Uganda, Epstein, Barr na Achong waligundua virusi ambavyo leo vina majina ya wawili wa kwanza.

Kampala pia ilianzisha rejista ya saratani mwaka 1954, ikihesabu wagonjwa wa kaunti ya Kyadondo. Wakati wa misukosuko ya miaka ya sabini na themanini kazi ilikatika, ikafufuliwa baadaye. Eldoret na Nairobi nazo zilipata rejista zao, na Kilimanjaro vilevile. Hawa ni mashujaa wasiotajwa, watu wanaopekua mafaili ya hospitali moja baada ya jingine.

Lakini angalieni tofauti. Marekani, hesabu ya taifa ni jumla ya kaunti zote. Kwetu mambo yamegeuzwa. Vifo vingi hutokea nyumbani, na hakuna daktari anayeandika sababu. Kwa hiyo zile takwimu za nchi nzima tunazozisoma kwenye ripoti za kimataifa hukadiriwa kutoka rejista chache, na penye upungufu hata kutoka nchi jirani. Sasa ukisema ulinganishe Kilimanjaro na taifa, wakati hesabu ya taifa imetokana kwa sehemu na Kilimanjaro yenyewe, unamlinganisha mtu na kivuli chake. Na kijiji ambacho hakina rejista hakina hata kivuli.

Kule nyumbani tunasema siku zake zimefika, na kwa imani zetu ni kweli. Lakini wale wachomeleaji wa Savannah nao siku zao zilifika, na bado iliwafaa watoto wao kujua ni vumbi gani. Mgodini, kwenye mashamba ya dawa za kunyunyizia, jikoni penye moshi, penye chai ya moto sana, tunaweza kuwa na ramani zetu ambazo hazijachorwa bado.

Basi ndugu zangu, akifariki mzee wetu, tukishamaliza matanga, tusiione safari ya kufuata cheti cha kifo kuwa ni usumbufu wa urithi na benki tu. Tuulize sababu iandikwe vizuri, na mahali alipoishi paandikwe. Huo ni mstari mmoja kwenye daftari ambalo siku moja litawaonya wajukuu.

Tuonane panapo majaliwa.