Bahati Mbele ya Mahakama

Katika ualimu wa hisabati, kazi ngumu si kumfundisha mwanafunzi kanuni. Kanuni ataikariri usiku mmoja. Kazi ngumu ni kumwezesha kutambua, akiwa mbali na kitabu, kwamba jambo lililo mbele yake ndilo hasa linaloihitaji kanuni ile. Ndivyo ilivyo kwa mgawanyo wa binomia, ambao Jacob Bernoulli wa Basel, Uswisi, aliueleza katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1713, miaka 8 baada ya kifo chake.

Ili kuutambua, msomaji ajiulize maswali manne. Je, idadi ya majaribio inajulikana tangu mwanzo? Je, kila jaribio lina matokeo mawili tu, ndiyo au siyo? Je, uwezekano wa kupata "ndiyo" ni uleule kila mara? Na je, kila tokeo linajitegemea, lisivutwe na jingine? Mkulima aliyepanda mbegu 100 za mahindi kutoka gunia moja, kwenye udongo wa namna moja, akahesabu zilizoota, aweza kujibu ndiyo mara nne. Anayehesabu siku za mvua katika mwezi hawezi, kwani mvua ya leo mara nyingi huja pamoja na ya kesho.

Mwaka 1977 maswali haya yaliifikia Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Castaneda dhidi ya Partida. Rodrigo Partida alikuwa ametiwa hatiani kwa kosa la kuvunja nyumba katika wilaya ya Hidalgo, jimbo la Texas. Alilalamika kwamba baraza la raia lililoamua ashtakiwe liliundwa kwa kuwabagua Wamarekani wenye asili ya Meksiko, naye akiwa mmoja wao. Kwa sensa ya 1970, watu hao walikuwa asilimia 79.1 ya wakazi wa Hidalgo, waliozidi 180,000. Lakini katika miaka 11, kati ya watu 870 walioitwa kwenye mabaraza hayo, wao walikuwa 339 tu.

Tuseme majina yangechotwa kwa bahati nasibu. Idadi inajulikana: 870. Kila aliyeitwa ama ana asili ya Meksiko ama hana. Na kwa kuwa 870 ni wachache mbele ya watu 180,000, kumchota mmoja hakubadilishi kwa kiasi cha maana uwiano wa waliobaki. Basi tungetarajia watu 688, na kupotoka kwa kawaida kungekuwa watu 12 hivi. Pengo lilikuwa watu 349, yaani mara 29 ya kipimo hicho. Jaji Blackmun, aliyeandika hukumu, alieleza katika tanbihi kwamba uwezekano wa bahati kuleta pengo hilo ni chini ya moja kwa namba inayoandikwa 1 na sifuri 140 nyuma yake.

Jaji Mkuu Burger alipinga. Alisema wakazi wote si kipimo cha haki, kwa kuwa wamo wasio na sifa za kuitwa. Hoja hiyo yagusa swali la tatu: uwezekano huo umeupima kwa watu gani? Ni hoja ya kuheshimiwa. Walio wengi walijibu kwamba hata ukihesabu watu wazima waliopata kusoma tu, pengo lilibaki kubwa. Partida alishinda kwa kura 5 dhidi ya 4.

Tuangalie hesabu ilifanya nini hapo. Haikumtaja mbaguzi, wala haikueleza nia ya mtu. Majina yalikuwa yamechaguliwa na makamishna walioteuliwa na jaji, na hesabu ilionyesha tu kwamba uchaguzi wao haukufanana na kuchota kwa bahati nasibu. Baada ya hapo mzigo wa kujieleza ukawa wa serikali ya jimbo, nayo haikuleta maelezo ya kutosha. Kwa hiyo tunapowafundisha vijana mahali ambapo binomia inafaa, tuwafundishe pia kusimama pale inapokataa kufaa, na kuuliza ni mkono gani ulioingia kati.