Puli ya kamu yenye kurekebishwa: namna ya kuichagua mbele ya kutoa pesa

Katika magaraje ya Goma na Bukavu, vijana wenye kupenda gari za mbio wanaulizia sana puli ya rangi ya buluu ao nyekundu yenye kufungwa mbele ya motere. Wengine wanaamini ukiifunga tu, gari inaongeza nguvu. Si vile. Puli hiyo ni chombo cha kupima na kusahihisha. Ukiichagua vibaya ao ukiifunga bila kupima, inaweza kuua motere kwa sekunde moja.

Kazi yake ni nini?

Ndani ya motere, vilbrekeni inazungusha kamu kwa njia ya kuruwa ya distribisio. Kamu ndiyo inafungua supapu. Vilbrekeni ikizunguka mara 2, kamu inazunguka mara 1. Puli ya kawaida ni kipande kimoja, na haikubali kusogea. Puli ya kurekebishwa iko na vipande viwili: duara la inje lenye meno, na kiini cha katikati chenye kushika kamu. Vipande hivyo vinaunganishwa na buloni 5 ao 6 zenye kupita katika matundu marefu. Ukilegeza buloni, unaweza kusogeza kamu kidogo mbele ao nyuma, kisha unafunga tena.

Ukisogeza mbele kamu ya kuingiza hewa, supapu inafunga mapema. Motere inavuta vizuri katika mizunguko ya chini, kitu chenye kusaidia kwenye milima. Ukiirudisha nyuma, nguvu inahamia juu, pale mizunguko ni mingi, lakini chini gari inakuwa nzito. Kwa hiyo puli haiumbi nguvu mupya. Inahamisha mahali nguvu inapatikana. Kwenye motere yenye kamu za kiwandani faida ni ndogo. Inaonekana zaidi kwa mutu aliyebadilisha kamu.

Jambo moja la kukumbuka: Goma na Bukavu ziko karibu metre 1500 juu ya bahari. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, na motere isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho. Hakuna puli yenye kurudisha ile hewa.

Tazama kwanza motere yako

Mfano mzuri ni 4A-GE ya Toyota, ya supapu 16, iliyokuwa katika Corolla Levin na Sprinter Trueno za AE86 tangu 1983. Ni motere ya santimetre kibu 1587. Kuruwa yake inazungusha kamu mbili, kila moja na puli yake. Hapo mutu anaweza kurekebisha kamu ya kuingiza hewa na ile ya kutoa moshi, kila moja peke yake.

Lakini Corolla nyingi zenye kutembea barabarani ziko na 4A-FE. Kwa hiyo, kuruwa inazungusha kamu moja tu, na kamu ya pili inazungushwa na gia. Ukisogeza puli, kamu zote mbili zinasogea pamoja. Ni vile vile kwa 3S-FE ya RAV4 za zamani. Ile 4A-GE ya supapu 20 iko na mutambo wa kiwandani wenye kusogeza kamu ya kuingiza, basi puli ya kurekebishwa inafaa kwa kamu ya kutoa tu. Na motere za 1NZ na 1ZZ zenye VVT-i zinatumia mnyororo: hazina kuruwa ya kamu, kwa hiyo usikubali kuuziwa puli hiyo juu yake.

Mwenye kulasi iliyopanguswa

Kuna mutu anayehitaji puli hii hata kama hapendi mbio. Motere ikipata moto sana, kulasi inapinda na fundi anaipeleka kupangusa. Kulasi ikishuka, umbali kati ya vilbrekeni na kamu unapungua, na kamu inabaki nyuma. Kwa puli yenye kipenyo cha milimetre 120, kupangusa nusu milimetre kunarudisha kamu karibu nusu digri, ni kusema digri moja ya vilbrekeni. Puli ya kurekebishwa inairudisha mahali pake.

Mambo ya kuangalia dukani

Meno: yafanane kabisa na ya kuruwa yako. Leta puli ya zamani, uweke kuruwa juu ya zote mbili. Kama haikai vizuri, acha.

Kiini: tundu la katikati na mahali pa pini yasicheze juu ya kamu. Hata mchezo mudogo unakula pini.

Alama: ziwe zimechongwa, zisiwe za rangi tu. Uliza kama ni digri za kamu ao za vilbrekeni. Ukikosea hapo, unaweza kusogeza mara mbili ya ulichotaka, ao nusu yake.

Buloni: ziwe ngumu na nyuzi zake ziwe safi. Kampuni kama HKS, TODA na TRD zilitengeneza puli za 4A-GE, lakini jina lililoandikwa juu si hakikisho, juu kopi ni nyingi. Zungusha puli kwenye mhimili: kama inayumba, itakula kuruwa.

Kufunga bila kuharibu

Fundi aanze na digri sifuri, akitumia diski ya digri na komparateri. Kisha apime nafasi kati ya supapu na pistoni kwa kuweka plastisini juu ya pistoni. Wajenzi wengi wa motere wanaomba isipungue milimetre 2 kwa supapu za kuingiza na 2.5 kwa zile za kutoa. Kisha azungushe vilbrekeni kwa mkono, mizunguko 2 kamili. Ikigoma, asilazimishe.

Buloni zikazwe kwa ufunguo wa kupima nguvu, pamoja na gundi ya nyuzi. Zikilegea njiani, kamu inasogea yenyewe na supapu inaweza kugonga pistoni. Kama distributeri inazungushwa na kamu iliyosogezwa, moto wa buji upimwe tena.

Mwisho, kifuniko cha kuruwa. Wengi wanakiacha wazi ili puli ionekane. Kwa barabara za Goma, zenye vumbi na vijiwe vya volkano, hilo ni hatari: jiwe moja kati ya kuruwa na puli linatosha kurusha meno. Afadhali puli nzuri iliyofichika kuliko motere iliyokufa na puli yake inayong'aa.