Majina ya Vitu vya Kale: Mifano kutoka Milima ya Upare



Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya mali isiyo fedha wala ng'ombe, nayo ni vitu vya kale vilivyomo katika ardhi yetu, tangu uwanda wa Same hata vilele vya Upare. Daftari la mali hiyo ni majina. Kitu cha kale kisichopewa jina lake sawasawa kimekwisha kupotea nusu, hata kama kimo mkononi mwa mtu.

Mgawanyo wa kwanza ni rahisi. Viko vitu vinavyohamishika, kama kigae, jembe, ushanga na mkuki. Na viko visivyohamishika, kama tanuri la kuyeyushia chuma, mfereji, boma na kaburi. Vya kwanza vyaweza kuwekwa katika nyumba ya makumbusho. Vya pili hapana budi vitunzwe pale pale vilipo, maana ukiving'oa umeviua.

Baada ya hapo wenye elimu huuliza maswali manne. Ni kitu gani? Kimefanywa kwa nini: udongo, jiwe, mti au chuma? Kilitumika kwa kazi gani? Kilikutwa wapi, na pamoja na vitu gani?

Tutazame mfano wa Ugweno, katika Upare wa Kaskazini. Huko ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi tangu zamani. Wafua chuma wa Upare walikusanya mchanga mweusi wenye chuma katika vijito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, na chuma chao kikauzwa hata kwa Wachaga. Mkulima wa leo akilima mahali pa kazi hiyo, jembe lake laweza kugonga mabonge meusi, mazito, yenye vitundu. Hayo si mawe, bali ni mavi ya chuma. Karibu nayo huenda akaona vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto. Mtu akiandika tu "mawe na vigae," kwa maneno mawili amefuta kiwanda kizima cha mababu.

Tena umbo la kitu peke yake halitoshi. Katika Upare wa Kaskazini ilikuwapo desturi ya kulitoa fuvu la mzee aliyekufa zamani, na kuliweka katika chungu ndani ya msitu wa ukoo. Chungu hicho na kile cha kupikia vyaweza kufanana, lakini kimoja ni cha jikoni na kingine ni cha heshima ya mababu. Anayekiokota na kukiondoa bila kuandika mahali kilipokuwa amekinyang'anya maana yake.

Majina ya nyakati nayo yataka kupimwa. Mwaka 1836 kilitoka kitabu cha C. J. Thomsen, mtunzaji wa vitu vya kale huko Copenhagen katika nchi ya Denmaki, nacho kilieleza zama tatu: za mawe, za shaba iliyochanganywa na bati, na za chuma. Mpango huo uliwafaa watu wa Ulaya. Lakini katika sehemu kubwa ya Afrika, kusini ya Sahara, watu walitoka katika zana za mawe wakaingia katika chuma, bila ya zama za shaba katikati. Kwa hiyo mwaka 1929 Goodwin na van Riet Lowe, katika Afrika Kusini, walipanga majina mengine ya zama za mawe: za mwanzo, za kati na za mwisho. Hapo twajifunza kwamba jina lililokatwa kwa kipimo cha nchi moja laweza kuipwaya nchi nyingine.

Yako pia majina yaliyotoka kwetu yakaenda mbali. Mtaalamu Robert Soper alichunguza vyombo vya udongo vya pwani ya Kenya na vya Upare wa Kusini, akatoa habari zake mwaka 1967. Aina moja ya kale aliiita Kwale, kwa jina la mahali katika Kenya, na vigae vya aina hiyo vilipatikana pia Bombo Kaburi, katika Upare wa Kusini. Aina nyingine aliiita Maore, kwa jina la Gonja Maore katika wilaya ya Same. Basi kijiji chetu kimekuwa neno la elimu.

Kadhalika tusitupe maneno yetu wenyewe. Mpare husema ndiva, yaani hodhi iliyojengwa mlimani kwa mawe na udongo, ijae maji usiku na kufunguliwa mchana ili yaende mashambani kwa zamu. Ukiandika "bwawa" tu, umeacha nje mfereji, zamu na wazee waliozisimamia. Andika jina la wote ili mgeni afahamu, na kando yake jina la wenyeji ili ukweli usipotee.

Jambo hili lina uzito hata mbele ya sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo na vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863. Mlango wa kuchongwa huhesabiwa kwa mwaka 1940. Ndiva iliyojengwa baada ya 1863 haimo katika ulinzi huo, isipokuwa itangazwe na Waziri. Nani ataiombea, kama haikuandikwa ni nini, ni ya nani, na ni ya lini?

Basi, ninyi wanafunzi, mkiona kitu cha kale msikichimbe wala msikiuze. Andikeni kimeonekana wapi na kinafanana na nini, waulizeni wazee jina lake, kisha mpelekeeni habari mwalimu au mkuu wa serikali aliye karibu. Wazee wenye kuyajua majina hayo hawatakaa nasi milele, na kigae hakiwezi kujitaja chenyewe.