Majembe ya Tabora: Historia Iliyofuliwa Motoni

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, majembe yaliyopita sokoni Tabora yalikadiriwa kufikia 150,000 kwa mwaka. Tumezoea kuisimulia historia ya nchi hii kwa pembe za ndovu, watumwa na bunduki. Mirambo, mtemi wa Urambo aliyefariki Desemba 1884, anakumbukwa kwa vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, na kwa kuibana njia ya Ujiji tangu 1871. Lakini jeshi hula, na chakula hulimwa.

Mengi ya majembe hayo hayakufuliwa Tabora. Yalitoka kaskazini, kwa wahunzi wa Kirongo wa pande za Geita na Uzinza. Wanyamwezi waliyafuata huko, wakayatolea mahari, wengine wakayabeba hadi Ugogo, ambako msafara haukupita bila hongo. Jembe lilikuwa fedha inayolima.

Katika tanuri la udongo chuma hakikuyeyuka kikawa uji. Lilitoka bonge lenye matundu, limechanganyika na mavi ya chuma. Mhunzi alilirudisha motoni, mivukuto ikapuliza hadi likaiva, ndipo nyundo zikaanza. Kila pigo lilikamua takataka, na zilizosalia zikavutika kama nyuzi kufuata upande chuma kilikotandazwa.

Ndani ya chuma hicho kulikuwa na kazi nyingine isiyoonekana kwa macho. Chuma kimejengwa kwa chembe ndogo za fuwele. Kikipigwa kingali moto, chembe hukandamizwa na kurefuka, kisha chembe mpya, ndogo zaidi, huota mahali pa zile zilizoumia. Chembe zikiwa ndogo, chuma huwa kigumu na hakivunjiki ovyo. Kikipigwa kimeshapoa, hugoma na huweza kupasuka. Kikikaa motoni kupita kiasi, chembe hunenepa na jembe hudhoofu. Mhunzi hakuwa na kipimajoto. Alisoma rangi.

Hesabu hiyo hiyo ya joto na chembe inawaumiza vichwa wahandisi wa titani leo. Metali hii hupitishwa ikiwa moto kati ya rola nzito mpaka iwe bamba, na baadhi ya mabamba huishia kwenye ndege. Fuwele za titani tupu zimejipanga kwa pembe sita. Joto likivuka nyuzi 882 za Selsiasi, hugeuka za mchemraba. Aloi maarufu yenye asilimia 6 ya alumini na 4 ya vanadi hukamilisha mageuzi hayo karibu na nyuzi 995. Ikitandazwa chini ya mpaka huo, chembe zake husagika zikawa ndogo, ila huelekea upande mmoja, na bamba huwa na nguvu tofauti likivutwa kwa urefu na likivutwa kwa upana. Ikitandazwa juu ya mpaka, chembe hukua, na zikipoa hugawanyika kuwa vibamba vyembamba vilivyopangana. Chuma, chenye fuwele za mchemraba, hakina upendeleo mkali hivyo. Hapo mhunzi alikuwa na bahati.

Wala titani si ngeni kwetu: mtapo wa chuma wa Liganga, wilayani Ludewa, umechanganyika nayo, pamoja na vanadi.

Tukirudi Tabora, majembe ya viwanda vya Ulaya, yakisaidiwa na reli iliyofika Tabora 1912, yaliwaondoa wahunzi sokoni. Baada ya uhuru kikaja kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilichojengwa kwa msaada wa China.

Wahunzi wale hawakutuachia vitabu. Hata hivyo, nyuzi za takataka na mpangilio wa chembe zimo hadi leo katika majembe yao, na hadubini huweza kuonyesha kama chuma kilitoka tanuri la udongo au kiwandani, na nyundo ilikivuta upande gani. Kwa hiyo mwenye jembe la mababu, Urambo au popote Unyamwezi, asiliuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alipeleke Makumbusho ya Livingstone pale Kwihara, karibu na Tabora, na wanaakiolojia na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichunguze pamoja.