Bia ya Qingdao na Jina la Mwisho Ubaoni

Mhariri ameniomba niandike machache kuhusu jambo nililojifunza baada ya kuiaga shule yetu. Wenzangu wa darasa letu watakumbuka jinsi mwalimu wa historia alivyotuandikia ubaoni makoloni ya Wajerumani: Tanganyika, Rwanda na Burundi, Kameruni, Togo, Afrika ya Kusini-Magharibi, visiwa vya Pasifiki, na mwisho kabisa Kiaochow. Jina hilo tulilikariri kama kasuku. Hakuna aliyeuliza ni wapi.

Miaka mingi baadaye kazi ilinifikisha Qingdao, mji wa pwani katika jimbo la Shandong, China. Kumbe ndiko! Mapaa ya vigae vyekundu na kuta nene za mawe vilinikumbusha maboma ya kwetu.

Mnamo Novemba 1897 wamisionari wawili wa Kijerumani waliuawa Shandong. Ujerumani, ambayo siku nyingi ilikuwa ikiitafuta bandari China, ikapata kisingizio. Wiki mbili baadaye askari wake wa majini waliteremka. Machi 1898 China ililazimishwa kuikodisha ghuba ya Kiaochow kwa miaka 99. Vijiji vilibomolewa ili mji mpya ujengwe, na Wachina, isipokuwa watumishi, hawakuruhusiwa kuishi katika mtaa wa Wazungu. Mwaka 1903 wafanyabiashara Wajerumani na Waingereza wakaanzisha kiwanda cha bia.

Miaka 99 haikutimia. Novemba 1914 Wajapani, wakisaidiwa na Waingereza, waliuteka mji, na mwaka 1916 kampuni ya Kijapani ikakinunua kiwanda. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles uliinyang'anya Ujerumani Tanganyika. Mkataba huohuo ukawapa Wajapani haki za Wajerumani katika Shandong. Tarehe 4 Mei wanafunzi wa Beijing waliandamana kwa hasira, na wajumbe wa China wakakataa kutia saini. Sisi hakuna aliyetuuliza. Mji ulirudishwa kwa China mwaka 1922, lakini kiwanda kilibaki mikononi mwa Wajapani hadi 1945. Baada ya 1949 kikawa mali ya taifa.

Majengo ya zamani ya kiwanda yalifanywa makumbusho mwaka 2003. Nje, mitaani, niliwaona watu wakirudi nyumbani na bia mbichi ndani ya mifuko ya nailoni, kama sisi tunavyobeba maziwa. Nilimwuliza mwenyeji wangu, "Hamwoni haya kujivunia bia ya mkoloni?" Akacheka. "Mjerumani alikaa miaka 17," alisema. "Lakini tangu siku ya kwanza, aliyebeba magunia na kukoka moto alikuwa nani?"

Nilinyamaza, maana nilikumbuka mtihani wangu. Niliandika kwamba Wajerumani walitujengea reli ya kati, nikapewa alama zote. Sikuandika hata neno moja juu ya waliochimba tuta na kubeba mataruma. Baadhi yao huenda walikuwa babu zetu.

Sisemi wanafunzi mnywe bia. Mwalimu Mkuu asije akanilaumu bure! Nasema hivi: kila mnapoandikiwa orodha ubaoni, msiishie kuikariri. Ulizeni mahali hapo ni wapi, na mzigo ulibebwa na nani. Mimi nilichelewa kuuliza, na swali hilo nililipata mbali sana na kwetu.