Shule ya Pajani pa Mama

Februari 1628, katikati ya majira ya baridi, mchungaji mmoja wa miaka 35 alivuka milima ya mpakani mwa Bohemia akaingia uhamishoni. Alifuatana na mkewe pamoja na wakimbizi wengine wa kanisa lao, wote wakielekea Leszno, mji wa Poland uliokubali kuwapokea. Masimulizi ya kanisa hilo yanasema kwamba walipofika juu aligeuka nyuma, akapiga magoti, akaiombea nchi aliyokuwa anaiacha. Hakurudi kuishi humo tena.

Jina lake lilikuwa Jan Amos Komenský. Wasomi wa Ulaya, ambao siku hizo waliandikiana kwa Kilatini, walimwita Comenius. Walimu wanamjua kama baba wa elimu ya kisasa. Habari isiyosimuliwa sana ni kwamba miaka ile ya kwanza ya ukimbizi aliandika kitabu kidogo, na hakukiandika kwa ajili ya walimu wala wanafunzi. Alikiandika kwa ajili ya wazazi Wakristo, hasa akina mama, kuwaeleza namna ya kumfundisha mtoto nyumbani tangu kuzaliwa hadi miaka 6. Mzazi anayesomesha watoto wake nyumbani leo, akiuliza aanze na kitabu gani, huletewa orodha ndefu, na vingi ni vya Marekani. Kama swali hilo lingeletwa kwangu, ningeanza na hiki cha mkimbizi wa Leszno.

Kwa nini mtu aliyenyang'anywa kila kitu akae chini kuandika juu ya kunyonyesha na kuhesabu? Jibu limo katika yaliyompata. Comenius alizaliwa Machi 28, 1592 huko Moravia, katika familia ya Umoja wa Ndugu, kanisa lililoanzishwa mwaka 1457 na wafuasi wa Jan Hus, mhubiri aliyechomwa moto mwaka 1415. Alipokuwa na miaka 12 hivi wazazi wake walifariki, na waliomlea baada ya hapo hawakuijali sana elimu yake. Alianza Kilatini akiwa na miaka 16, kijana mzima aliyechanganywa na watoto, na machungu ya darasa lile hayakumtoka. Baadaye alisoma Ujerumani, akawa mchungaji, akapewa usharika na shule katika mji wa Fulnek. Akaoa.

Novemba 8, 1620 Waprotestanti wa Bohemia walishindwa vita nje kidogo ya Prague. Fulnek iliporwa, mchungaji akaanza kujificha huku na huko. Mwaka 1622, akiwa mafichoni, tauni ilimuua mkewe wa kwanza na watoto wao wawili. Mwaka uliofuata vitabu vyake vilichomwa hadharani. Kisha makanisa na shule za Ndugu zikafungwa moja baada ya nyingine, na waliokataa kubadili dini wakatakiwa kuhama. Familia zilizobaki ziliificha Biblia ya Kicheki na kuisoma usiku, madirisha yakiwa yamefungwa. Kwao shule ilibaki kuwa mahali pale ambapo mama alikaa na mtoto.

Kitabu kilizaliwa katika hali hiyo. Comenius alikiandika kwa Kicheki, kwa sababu Ndugu waliamini uhamisho haungedumu. Wangerudi, na wakirudi wangehitaji kujenga upya kuanzia chini kabisa, yaani nyumbani. Aliipa shule hiyo ya kwanza jina la shule ya mama. Katika mpango wake mkubwa wa elimu aliiweka kuwa ngazi ya chini kati ya nne: pajani pa mama katika kila nyumba, shule ya lugha ya kienyeji katika kila kijiji, shule ya Kilatini katika kila mji, na chuo kikuu katika kila nchi. Kila ngazi ilikuwa ya miaka 6.

Kurasa za mwanzo zinamwambia mzazi kwamba mtoto ana thamani kuliko dhahabu na fedha, na kwamba Mungu atamdai hesabu yake. Hayo yangesemwa na mhubiri yeyote. Utamu unaanza anaposhuka jikoni na uani. Anazungumza na mwanamke mjamzito juu ya chakula na kazi zake. Anawakemea mabibi wa kitajiri wanaokodi wanawake wengine wawanyonyeshee watoto, akiwakumbusha kwamba hata wanyama wakali hunyonyesha wana wao wenyewe. Kisha anaanza kuyataja masomo, na mama aliyekuwa anajiona hajui kitu anagundua kwamba amekuwa akifundisha siku zote.

Jiografia, anasema, ni mtoto kujua jina la kijiji alichozaliwa, na kutofautisha mlima, shamba na mto. Historia ni kukumbuka lililotokea jana, nani alikuja na alileta nini. Elimu ya nyota ni kujua lipi ni jua, upi ni mwezi, zipi ni nyota. Hesabu inatosha ikiwa mtoto wa miaka 6 anahesabu hadi 20 kwa mpangilio na anajua bila kusita kwamba 7 ni zaidi ya 5. Anataka mtoto apewe vigari na vijumba vya kuchezea ili aige kazi za wakubwa bila kujiumiza, kwa kuwa mtoto asiye na shughuli huharibika. Sala inaanza na kukunja mikono, halafu Baba Yetu kidogo kidogo. Tena anataka watoto wa rika moja wacheze pamoja, kwa sababu mtoto humnoa mwenzake kuliko mtu mzima anavyoweza.

Kuelekea mwisho lipo onyo ambalo kila mzazi wa kwetu atalitambua. Msimtishe mtoto kwa shule, anasema. Mzazi anayemwambia mwanawe "subiri, utakwenda kwa mwalimu utakiona" anampandia chuki kabla hajaingia darasani. Ni heri kumsimulia mema ya shule na kumwonyesha kitabu kizuri kinachomsubiri.

Haki lazima itendeke hapa. Watetezi wa elimu ya nyumbani wanaweza kumfanya Comenius mtu wao, lakini si wao kabisa. Alitaka mtoto asitolewe nyumbani kabla ya miaka 6, kama mche usiohamishwa ungali mchanga, ila baada ya hapo alitaka kila mmoja aende shule, wavulana na wasichana, matajiri na maskini. Kwake nyumba ilikuwa msingi wa shule, na hakuiona kuwa mpinzani wake. Nadhani ndiyo maana ushauri wake haukuchakaa: hamwambii mzazi amkimbie mtu, anamwonyesha kazi ambayo hakuna wa kuifanya badala yake.

Matumaini ya kurudi yalikufa. Kitabu kikachapwa Leszno mwaka 1633, lakini kwa Kijerumani. Comenius akawa askofu, akaitwa Uingereza, Uswidi na Hungaria kushauri juu ya shule. Aprili 1656 Leszno iliteketezwa vitani, na kamusi ya Kicheki na Kilatini aliyoihangaikia zaidi ya miaka 40 ikawa majivu. Miaka miwili baadaye, akiwa mzee anayeishi Amsterdam, kitabu chake cha picha kwa watoto kilichapwa Nuremberg. Ukurasa wa alfabeti unaanza na kunguru anayelia, na mtoto anajifunza herufi ya kwanza kwa kuiga sauti yake. Alifariki mwaka 1670 akazikwa Naarden, Uholanzi, akiamini kwamba kanisa lake linakufa.

Halikufa. Mjukuu wake, mtoto wa binti yake, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Ndugu, na mwaka 1735 yeye naye akamweka wakfu askofu wa kwanza wa kanisa lililofufuliwa Herrnhut, Ujerumani, na wakimbizi wapya kutoka Moravia. Kutoka kwao walitoka wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Leo Tanzania ina waumini wa kanisa hilo, Wamoravian, wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na maaskofu wao wanahesabu Comenius miongoni mwa waliowatangulia.

Maandishi ya Kicheki, yale aliyowaandikia mama za Moravia, yalikaa bila kuchapwa zaidi ya karne mbili. Yaligunduliwa Leszno, yakachapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1858.