Mnyoo na Njaa ya Mababu Zake

Wahenga wetu walituachia methali mbili zinazoonekana kama mahasimu wawili mbele ya kadhi. Ya kwanza yasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Ya pili yajibu, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Ile huitafuta tabia ya kiumbe katika asili yake; hii huitafuta katika malezi yake. Wewe, msomaji mpenzi, umekwisha kuzisikia zote mbili, na labda umezitumia zote mbili katika siku moja bila ya kuona tabu. Lakini kati yake pana swali la tatu ambalo hapana hata moja iliyolijibu. Je, malezi ya mzazi huweza kuingia katika asili ya mtoto? Ikiwa babu alishinda na njaa, kisha baba akala akashiba, yawezekana mjukuu azaliwe na alama ya njaa ile ambayo hakuionja?

Swali hili limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka 200. Limewapa watu sifa, na limewatia wengine gerezani. Nataka tufuatane, wewe na mimi, tuone jinsi lilivyoulizwa, jinsi lilivyofungwa, na jinsi lilivyofunguliwa tena na kiumbe ambaye ungemkanyaga bila ya kujua: mnyoo wa urefu wa milimita moja.

Katika mwaka 1809 mtaalamu wa Kifaransa, Jean-Baptiste Lamarck, alitoa kitabu juu ya wanyama. Alisema kwamba kiungo kitumiwacho sana hukua, kisichotumiwa hudhoofika, na mabadiliko hayo hurithiwa na watoto. Mfano wake ulio mashuhuri ni wa mnyama tumjuaye sana sisi wa Afrika ya Mashariki, yaani twiga. Kwa maoni ya Lamarck, twiga walijinyosha kufikia majani ya juu, shingo zao zikarefuka, na watoto wao wakarithi urefu huo. Fikira hiyo ilipendeza watu wengi. Hata Charles Darwin, aliyeeleza kwa njia nyingine jinsi viumbe wabadilikavyo, hakuikataa kabisa.

Aliyeikataa kwa nguvu ni Mjerumani August Weismann, mwalimu wa chuo kikuu cha Freiburg. Katika miaka ya 1880 aliwakata mikia panya weupe, akawaacha wazae, akawakata mikia watoto wao pia, na wajukuu, hata vikapita vizazi vitano. Walizaliwa panya 901, na hapana hata mmoja aliyezaliwa bila ya mkia. Weismann akafundisha kwamba mwili ni kitu kimoja na mbegu ya uzazi ni kitu kingine. Mbegu huujenga mwili, lakini mwili hauwezi kuiandikia mbegu barua. Utengano huo ulikuja kufananishwa na ukuta, na kwa muda mrefu ukuta huo ulihesabiwa kuwa hauna mlango wala dirisha.

Yafaa tukumbuke hapa kwamba swali la elimu likishikwa na siasa huleta msiba. Katika Urusi ya Kisovyeti alitokea mtaalamu wa kilimo, Trofim Lysenko, aliyedai kwamba ngano ikitiwa katika baridi hubadilika, na kwamba mabadiliko hayo hurithiwa na mbegu zake. Hakuyapima madai yake kwa uangalifu, bali aliyatetea kwa nguvu za serikali. Nikolai Vavilov, mkusanyaji mashuhuri wa mbegu aliyefika hata Uhabeshi mwaka 1927 kutafuta aina za ngano, alimpinga. Vavilov alikamatwa mwaka 1940, akafa gerezani katika mji wa Saratov mwaka 1943. Mwaka 1948 elimu ya jeni ilipigwa marufuku katika nchi ile, na Lysenko hakupoteza nguvu zake mpaka katikati ya miaka ya 1960. Si ajabu, basi, kwamba wataalamu wengi wa nchi nyingine waliposikia mtu akisema kuwa malezi hurithiwa, walimtazama kwa jicho la shaka.

Sasa tumgeukie mnyoo wetu. Habari zake zinaanza katika bara letu la Afrika. Émile Maupas alikuwa mtunza maktaba katika mji wa Algiers, na nje ya kazi yake alipenda kutazama viumbe wadogo kwa hadubini. Katika mwaka 1900 alieleza juu ya mnyoo aliyempata katika udongo wa nchi ile, ambaye leo huitwa Caenorhabditis elegans. Mnyoo huyu si yule aumizaye matumbo ya watu. Huishi peke yake katika mimea inayooza, akila bakteria, wala hamdhuru mtu.

Mtu aliyempa mnyoo huyu umashuhuri naye alizaliwa Afrika. Sydney Brenner alizaliwa mwaka 1927 katika mji wa Germiston, Afrika ya Kusini, mwana wa fundi viatu asiyejua kusoma. Alijifunza udaktari, akaenda Uingereza, na mwaka 1963, akiwa Cambridge, alitafuta kiumbe mdogo ambaye kwake angeweza kujifunza jinsi mwili na neva zinavyojengwa. Akamchagua mnyoo huyu. Jamii aliyoitumia ilitokana na mbolea ya uyoga iliyochukuliwa karibu na mji wa Bristol, na wazao wao wangali wakitunzwa katika maabara za dunia nzima mpaka leo.

Kwa nini alimchagua mnyoo? Tazama sifa zake. Hukuzwa katika kisahani, juu ya ute mgumu utengenezwao kwa mwani, na chakula chake ni bakteria waliopakwa juu ya ute huo. Katika joto la digrii 20 huchukua siku tatu au nne tu kutoka yai mpaka kuwa mzazi, na huzaa watoto wapatao 300. Mwili wake ni wa kupenyeza nuru, hata seli zake zaweza kuhesabiwa akiwa hai: mnyoo mzima ana seli 959, mbali na zile za uzazi, na kati ya hizo 302 ni za neva. Tena aghalabu ni mume na mke katika mwili mmoja, hujipa mimba mwenyewe, na kwa hiyo watoto wake hufanana naye kabisa kwa jeni.

Sifa hii ya mwisho ndiyo kiini cha habari yetu, nami nakuomba uishike vema. Kwa wanadamu, mjukuu akitofautiana na babu yake, hatuwezi kujua kwa urahisi ni kwa sababu ya jeni alizochanganyiwa, au chakula, au mazoea ya nyumbani. Lakini minyoo walio sawa kwa jeni, wakiwekwa katika visahani vilivyo sawa, wakila chakula kilicho sawa, kisha wakatofautiana kwa sababu tu mababu zao walilelewa mbalimbali, basi tofauti hiyo haina pa kutoka ila katika malezi ya mababu hao.

Dirisha katika ukuta wa Weismann lilionekana kwa bahati, na watu waliokuwa wakitafuta jambo jingine. Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Andrew Fire na Craig Mello, walieleza ugunduzi uliowapatia tuzo ya Nobel mwaka 2006. Jeni zimeandikwa katika DNA, ambayo ni kama kitabu cha sheria kilichofungiwa ndani ya seli. Kitabu chenyewe hakitoki. Hutolewa nakala za kurasa zake, zinazoitwa RNA, nazo hupeleka amri kazini. Fire na Mello walimdunga mnyoo RNA ya nyuzi mbili iliyolingana na ukurasa mmoja, na ukurasa ule ukanyamazishwa. Vipande vidogo vya RNA vilikwenda kama askari, vikazikamata nakala zake na kuzitangua. Ajabu zaidi, watoto wa mnyoo yule nao walizaliwa na ukurasa ule umenyamazishwa. Sheria katika kitabu haikubadilika hata herufi moja; lakini agizo la kuinyamazisha lilikuwa limevuka kutoka mwili kwenda katika mbegu.

Ikawa sasa wataalamu huuliza: je, mambo ya maisha, kama maradhi, njaa na joto, nayo huweza kupeleka maagizo ya namna hii? Katika mwaka 2011 Oded Rechavi na wenzake, wakiwa New York, walionyesha kwamba minyoo waliomshinda kirusi kwa RNA ndogo huwarithisha wazao wao silaha hiyo, hata wazao waliozaliwa bila ya uwezo wa kuitengeneza wenyewe. Mwaka 2014 Rechavi na wenzake walitoa habari za njaa. Walichukua minyoo wachanga waliotoka katika mayai, wakawanyima chakula kwa siku sita. Mnyoo mchanga anyimwaye chakula hafi mara moja. Husimamisha kukua kwake na kungoja. Kisha waliwalisha, wakazaa, na wazao wote wakashibishwa. Hata hivyo RNA ndogo zilizotokana na njaa ile zilionekana mpaka kizazi cha tatu, na nyingi zilihusu jeni za lishe. Wajukuu wa njaa wa kizazi hicho cha tatu waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao mababu zao walikula siku zote.

Joto nalo lilipimwa. Wataalamu wa Barcelona walitumia minyoo waliotiwa jeni ing'aayo, wakatoa habari zao mwaka 2017. Minyoo walipohamishwa kutoka digrii 20 hadi 25 waling'aa zaidi. Waliporudishwa katika baridi baada ya vizazi vitano vya joto, wazao wao waliendelea kung'aa zaidi kwa vizazi 14. Kwa mnyoo, vizazi 14 ni muda wa miezi miwili hivi. Kwa mwanadamu ungekuwa muda wa karne tatu na zaidi. Lakini angalia: hata kumbukumbu hiyo ilikuwa na mwisho wake. Urithi wa jeni hudumu kama maandishi ya kuchongwa katika jiwe. Urithi huu wa malezi ni kama maandishi ya mkaa ukutani, husomeka kwa muda, kisha hufutika.

Usidhani, msomaji, kwamba yote yamekubaliwa. Mwaka 2019 maabara ya Chuo Kikuu cha Princeton ilitangaza kwamba minyoo waliojifunza kuwakimbia bakteria wa maradhi huwarithisha woga huo mpaka kizazi cha nne. Wataalamu wa Harvard walijaribu jambo hilo hilo, na mwaka 2025 wakasema wameuona woga kwa watoto, bali si kwa wajukuu. Maabara nyingine ya Marekani ikasema kuwa imeuona hata kwa wajukuu. Ubishi ukaingia katika mambo madogo ya malezi, kama jinsi bakteria wale walivyokuzwa. Hayo ni mafunzo makubwa. Ikiwa njaa ya siku sita huacha alama kwa vizazi vitatu, basi kisahani kilichosahauliwa hata chakula kikaisha chaweza kuharibu majaribio ya mwezi ujao. Ndiyo sababu mtaalamu mwangalifu huwashibisha minyoo wake kwa vizazi kadhaa kabla ya kuanza kazi.

Je, sisi wanadamu? Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, majeshi ya Ujerumani yaliizuilia chakula sehemu ya magharibi ya Uholanzi, na posho ya mtu katika miji ikashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Maelfu walikufa. Miaka 60 baadaye, watu waliotungwa mimba katika njaa ile walipimwa, na mwaka 2008 ikaelezwa kwamba alama za kikemikali juu ya jeni yao moja inayohusu ukuaji zilikuwa pungufu kuliko za ndugu zao. Lakini tusiruke kutoka mnyoo hadi mtu kwa hatua moja. Watoto wale walikuwa ndani ya njaa yenyewe, tumboni mwa mama zao. Tena mtoto wa kike, akiwa bado tumboni, tayari anayo mayai yake. Kwa hiyo njaa moja humgusa mama, mwana na mjukuu kwa wakati mmoja, pasipo haja ya kumbukumbu ya kurithiwa. Kwa mwanadamu, ushahidi wa kizazi kinachofuata hapo bado ni haba.

Basi, tukizirudia methali zetu mbili, twaona kwamba kadhi hana sababu ya kumfukuza hasimu yeyote. Mtoto wa mnyoo ni mnyoo, na pia hukua alelewavyo. Na zaidi ya hayo, hubeba kwa vizazi vichache habari za malezi ya waliomtangulia. Lamarck hakushinda, kwa maana shingo ya twiga haikurefushwa kwa kujinyosha. Weismann hakushindwa, kwa maana ukuta wake umesimama, ingawa una dirisha dogo. Aliyeshindwa ni Lysenko, aliyetaka jibu kabla ya kupima. Nawe utakapokutana na jambo la ajabu katika elimu, usilipokee kwa kuwa linapendeza, wala usilikatae kwa kuwa wakubwa walikwisha kulifunga. Uliza lilipimwa vipi, na visahani vilikuwa safi kiasi gani. Mnyoo wa milimita moja alingojea jibu lake zaidi ya karne moja tangu Maupas alipomwona Algiers, na maswali mengine juu yake yangali yakingoja watu wa umri wako.